Nipe Ncha Moja

Usiku wa nne kompyuta inarusha dadu
katika chumba cha nyuma ya maabara, Muni, Arua.
Feni yake inakoroma kama mwenye pumu.
Nimelala mezani, shavu juu ya daftari la miraba,
nikaamka na wino kwenye ngozi:
nukta, kiungo, nukta, kiungo.

Ondoma ameleta mihogo, bado ina mvuke.
"Dada, ungali unafuga vidudu visivyoonekana?"

Ningali. Ila zizi lenyewe halina ukuta.

Tazama, namwambia, ulimwengu nimeukata kama daftari hili.
Kila nukta ina rangi tatu, nyekundu, kijani, buluu,
majina tu, usitafute kopo wala brashi,
na kila nukta huru kuziita ipendavyo:
nyekundu ya hapa huenda ni buluu kwa jirani.
Kiungo ndiye mkalimani wao.
Sasa tembea. Kulia. Juu. Kushoto. Shuka.
Umerudi ulipoanza.
Rangi uliyoibeba imegeuka kiasi gani?
Hilo ndilo jibu ambalo lugha ya mtu
haiwezi kulipinda.

Panua kitanzi. Miraba minne. Tisa. Kumi na sita.
Jibu linafifia,
nami nakesha kujua linafifia kwa kufuata nini.

Wewe unapatana bei ya kiwanja kule Ediofe,
futi hamsini kwa mia.
Uzio ni waya na nguzo za mikaratusi, utaumudu;
ardhi ndiyo itakayokufilisi.
Basi asili ingetoza kwa urefu wa uzio,
chembe zingetoroka zamani, moja moja.
Lakini kitanzi kikiwa kikubwa, hutoza kwa eneo:
kila mraba uliozungukwa,
hata ule ambao mguu wako haukuukanyaga.

Ondoma hasemi kitu.
Anatoka, anafungua kwenye pikipiki
mpira mweusi uliochanwa kutoka tyubu ya lori.
"Shika."

Anarudi nyuma, hatua, hatua.
Wako, namwambia, unakaza kadiri unavyovutika.
Wangu una nguvu ile ile, karibu au mbali,
hauchoki, hauzidishi, hausam—

Pa!
Kiganja kinawaka moto.

Haya, nipe ncha moja.
"Hii hapa."
Moja tu, isiyo na mwenzake.
Anageuza kipande chake. Anatazama changu.
Anahesabu kwa kidole, mara mbili,
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.
"Nne," anasema. "Zilikuwa mbili."

Nguvu tuliyoitumia kuzitenganisha
ndiyo iliyozaa wenzao.

"Na hayo yamethibitishwa?"

Yamehesabiwa, Ondoma.
Penye miraba mikubwa na mvuto mkali,
mtu huthibitisha kwa kalamu na subira.
Lakini isage miraba iwe unga,
mpaka daftari lirudi kuwa karatasi tupu,
hapo hajafika mtu. Tunaona moshi,
tunaapa kuna moto,
na hisabati haili kiapo.

Umeme unakatika.
Feni inashusha pumzi, inanyamaza.
Sijui kama tarakimu za alfajiri zimehifadhiwa.

Ondoma anafunga mfuko wake kwa nusu ya mpira,
fundo moja, la pili.
Nusu nyingine anaiacha juu ya daftari.
"Inatosha," anasema akiwasha pikipiki,
"kufungia kitu kidogo."