Faili la Saa Nane Usiku

Kibanda changu kipo Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Natengeneza simu: vioo, betri, tundu la chaji.
Mioyo sitengenezi, nimeandika hata ubaoni,
ila watu hawasomi ubao.

Jumatatu alinikuta sijafuta hata meza,
Bwana Semkiwa wa ofisi ya maji,
yule anayekukatia bomba huku anakuamkia.
Akailaza simu kifudifudi, isituone.
"Inapata moto," akasema. "Inajiwasha yenyewe."

Nikaigeuza. Joto la mtoto mwenye homa.
Programu moja haina jina wala alama,
imejibanza kati ya kikokotoo na saa,
nayo imekabidhiwa funguo zote:
kamera, kipaza sauti, ujumbe wa benki,
majina mia nne na kumi na mawili.
"Nani kaipa?"
Akatazama barabarani mpaka bajaji ikapita.

Anaitwa Nasra. Anasema yuko Mtwara.
Tulikutana kwenye mtandao wa wachumba, mwezi wa Shaabani.
Anaogopa radi. Kila asubuhi ananiuliza
kama nimemeza dawa ya presha.
Miaka sita tangu mke wangu afariki
hakuna aliyeniuliza.
Ijumaa, saa nane usiku, akaleta faili:
"Picha zangu, za macho yako tu.
Simu ikikuuliza, wewe ruhusu."
Nikaruhusu.
Nikaruhusu mara saba.

Kikulacho ki nguoni mwako;
na nguo hii tunailalia, tunaichaji.

Kilikomba laki tatu na themanini,
kikabeba picha ya kitambulisho
aliyoituma mwenyewe "ili tuaminiane,"
kisha kikaazima mdomo wake.
Saa tisa na robo kikawaandikia wote:
*Mpenzi, sijalala. Fungua unione.*
Ikamfikia meneja. Ikamfikia imamu wa Makorora.
Ikamfikia shemeji yake wa Pangani, akajibu: *Nilijua.*
Ikafika kwenye kikundi cha maziko, watu sitini;
wawili wakafungua.

Nikamwambia, piga benki sasa hivi, kwa simu yangu.
Nywila zote badilisha, usitumie hii.
Hii naifuta yote, irudi ilivyotoka kiwandani.

Akanyamaza. Halafu, chini chini:
"Na yale maneno yatafutika?"
Nikadhani ya marehemu.
"Hapana," akasema. "Ya Nasra.
Yale ya presha."

Sikucheka.
Kati ya yale majina mia nne na kumi na mawili
limo na langu: *Mwantumu Fundi Simu.*
Saa tisa na robo ilitetema chini ya mto wangu,
na mimi, ninayelijua faili la aina ile
kwa herufi tatu za mkiani,
nilikaa kitandani, kidole hewani,
nikisoma neno la kwanza tu.
Dakika nne, labda tano.
Ndipo nikazima data.

Hilo sikumwambia.
Nikamwandikia majina ya dawa zake kwenye risiti,
na saa za kuzimeza.
Nikabonyeza.

Simu ikafa, ikawaka nyeupe,
ikatuuliza kwa adabu, kama mgeni mlangoni:
chagua lugha.