Pipa la Leo

Wameipakua watu kumi na mmoja.
Saba ni ndugu zangu wa Nzega,
ambao taka zao huchomwa nyuma ya jiko
na hawajui Dundee iko upande gani wa baridi.
Dada Nyamizi ametoa nyota tano:
"Nzuri sana, mdogo wangu, Mungu akuinue."
Nimesoma mara tatu,
kisha nikaona haya
kama mtu aliyejipigia makofi.

Programu yangu ni ya mapipa ya taka.
Usicheke. Mwaka wa kwanza hapa
nilitoa la kijani siku ya bluu,
la bluu siku ya kahawia,
jirani akanibandikia karatasi mlangoni
yenye adabu iliyoota meno.
Nikaapa nitajifunza kuandika msimbo,
hata kwa kuokoteza,
usiku, nikitoka kufua mashuka ya hospitali,
vidole vikinuka dawa,
ili mgeni mwingine asifedheheke
kwa ajili ya chupa.

Kila Alhamisi, chumba cha nyuma cha maktaba,
tunakutana sisi wenye mawazo mabichi.
Fergus anataka kuhesabu shakwe wanaopora chipsi ufukweni.
Ruksana anataka simu imkumbushe mama yake vidonge
kwa sauti ya baba, aliyezikwa Machi.
Siku ile hakuna aliyetoa maoni.
Tulimsogezea biskuti.

Ikafika zamu yangu.
Fergus akasema rangi zimekaa kama sare ya shule.
Mwingine akauliza,
kwani halmashauri haina kalenda yake?
Inayo, nikajibu,
imebandikwa kwenye friji ya kila mtu
aliyezaliwa hapa.

Pembeni, Bi Morag.
Amefuma magunia ya juti kiwandani tangu ana miaka kumi na mitano
mpaka kiwanda kikafungwa.
Huja kuota moto wa bure, anasema,
si kwa hayo mambo yenu.
Nikampa simu.
Kidole kikatetemeka juu ya kitufe
kama nyuki anayelishuku ua.
Akabonyeza pembeni. Akabonyeza hewa.
Akabonyeza Futa Yote.
"Samahani, mwanangu. Ni mkono wangu."

Sikulala.
Nilikuwa nimekichonga kitufe kwa kipimo cha kidole changu
nikadhani dunia nzima imekopa kidole changu.
Nikakipanua hadi kikawa kama sinia la pilau,
kibaya, hakina haya, kimejaza nusu ya skrini.
Nikauondoa mwezi unaochomoza,
siku nne za kuuchora,
moyo ukinisuta kila mstari nilioufuta.
Futa Yote nikaizika chini kabisa
na mlinzi mlangoni: Una hakika?
Alfajiri, macho mekundu,
nikauingiza na mtaa wa Bi Morag,
siku kwa siku, kwa mkono.

Jumatatu, ndani ya basi namba tano,
ujumbe:
"Simu yako imesema leo pumzika.
Mtaa mzima umetoa la kahawia.
Nimekimbia na nguo ya kulalia,
lori limenipita,
dereva amenipungia."

Nikafungua kompyuta magotini,
nikatafuta, nikatafuta,
na pale nikajikuta.
Jumatatu nimeiandika tatu,
kama jina lake linavyosema,
kama bibi yangu alivyonihesabia kwa vidole
kuanzia Jumamosi.
Mashine haikulelewa na bibi yangu.
Kwake Jumatatu ni moja,
na tatu yangu imeangukia Jumatano.

Nikacheka hadi abiria wa mbele akageuka.
Nyota tano za Nyamizi hazijawahi kunikimbiza hivi.
Hatimaye nina mtu wa kunilalamikia,
mtu aliyesimama barabarani na ndara,
pipa mkononi, kwa sababu aliniamini.

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena:
Samahani, Bi Morag.
Safari hii ni mkono wangu.