Detroit, Mwezi wa Pili

Theluji magotini, sepetu mikononi,
Thurman na Zygmunt hawajazoa hata kijiko.
"Besiboli ikianza, mwaka huu kombe letu,"
aapa Thurman. "Mrushaji mpya ana mkono wa moto."
Zygmunt acheka, mvuke wamtoka puani:
"Mkono! Ulimwona Lonnie Prewitt, sabini na mbili?
Mpira wake uliusikia tu, hukuuona."
"Prewitt alipigwa na kila mwenye gongo!"
"Na babako akamlilia redioni."

Kimya.
Thurman atazama glavu zake za sufi.
"Alilia," akiri. "Mara ile tu."

Greda lapita, laifukia njia yao tena.
Zygmunt afinyanga donge,
arudi nyuma, anyanyua goti bovu
kama Prewitt,
na sanduku la barua lalia ngo!

"Nje ya mstari," asema Thurman.