Bi Kiraka

Nimefungua mabelo Karume miaka kumi na mmoja.
Najua: koti zuri halikai juu.
Juu wanapanga ya macho.
Chini, kwenye makunyanzi na harufu ya dawa ya nondo,
ndiko unakozamisha mkono hadi begani
ukatoka na pamba safi kwa buku.

Kwa hiyo Kulwa aliponiwekea ule mchezo wa kadi kwenye simu,
akasema, "Bila hela hapo utapigwa tu, kaka,"
sikubishana naye.
Nilishuka sokoni kwao, maana nako kuna soko,
nikaanza kupekua.

Joka la Dhahabu: elfu themanini.
Kodi ya chumba changu Buguruni, mwezi mzima, na luku ndani yake.
Upanga wa Umeme: elfu thelathini na tano.
Nikapita kama ninavyopita vioo vya Samora,
mikono mfukoni.

Chini kabisa, walikotupa watu,
nikakuta Kovu.
Kadi ya kijivu, mchoro wenyewe kama umechorwa juu ya bodaboda.
Imeandikwa: Kila ukipigwa, ongeza nguvu moja.
Nani anataka kadi ya kupigwa?
Walikuwa wanaichoma
wapate vumbi la kununulia kitu kingine.
Nikaokota nne, ndio mwisho wa ruhusa.
Nikaongeza Ngao ya Bati mbili,
Uji wa Usiku, unaorudisha pumzi kidogo kidogo,
na Subira, ambayo haifanyi kitu
isipokuwa kukuruhusu uache zamu ipite.

Gharama yote: bando la usiku, shilingi mia tano.
Na usingizi.
Nikampa jina Bi Kiraka.

Mwanaidi alikuwa akigeuka kitandani:
"Huyo mwanamke wako wa kwenye simu
hajafa tu?"
Hajafa. Ndiyo kazi yake.
Wanakuja na majoka, wanampiga, anapungua,
anabaki na pumzi tatu, mbili,
umeme umekatika, feni imenyamaza, simu asilimia tisa,
halafu ile raundi ya saba
anainuka na makovu yake yote
anapiga mara moja.

Masika ikaja, Jangwani ikafungwa kwa maji.
Belo nililokopa likafunguka makoti ya theluji,
manene, nusu yameliwa na panya.
Mwenye nyumba akaanza kunisalimia kwa jina langu kamili.
Ndipo jamaa mmoja wa Mbezi Beach, Erasto, akaandika:
"Niuzie huyo bibi. Laki mbili."
Nikajibu laki tatu, kwa mazoea tu ya meza.
Akatuma. Meseji iliingia kabla sijajuta.

Namba ya siri nilimkabidhi
kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba
na mtoto amelala ndani.

Kodi nimelipa. Mwanaidi hakuuliza kitu,
alininunulia vocha ya mia tano
akaiweka chini ya kikombe changu.

Nimeanza upya. Mchezo humpa kila mgeni kadi kumi za bure,
nane takataka.
Takataka nazijua.

Juzi, saa nane usiku, nikapangiwa naye.
Bi Kiraka, yule yule, jina sijakosea.
Kavalishwa deraya ya dhahabu, Joka begani,
Upanga wa Umeme mkononi,
kapendeza kama nguo ya harusi ya kukodi.
Hana kovu hata moja.

Akanipiga. Nikakaa.
Akanipiga. Nikanywa uji.
Namjua anapoishiwa, hata ndani ya dhahabu:
kadi zinatoka haraka haraka,
kama mchuuzi anayeona mgambo kwa mbali.

Raundi ya saba ikafika.
Makovu yangu manne yamejaa, kidole kiko juu yake.
Jenereta la jirani likazima,
nikasikia pumzi za Mwanaidi, na zangu.

Nikaweka Subira.
Nikampa raundi nyingine moja.