Inchi Kumi na Nane

Wadi Kabir, saa nne asubuhi, lami ishaanza kunata.
Biju kachutama, tochi kwapani,
anapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bati:
kimoja, na nusu ya kingine.
"Kumi na tisa zitaingia," anasema kwa Kiarabu chake cha kuazima,
"ila hazitageuka."

Ukutani rimu zimening'inizwa. Jicho langu liko kwa zile za shaba
tangu Mfunguo Mosi. Nilimtumia Mundhiri picha,
akajibu neno moja: "Oa."

Zikaletwa tairi za bei ya kuchekesha.
Nikasoma ubavuni tarakimu nne:
wiki ya thelathini, mwaka ambao babu alikuwa bado anatembea.
Mpira uliopikwa viangazi saba stoo
hung'aa kama halua; ubonyeze, haubonyei.
Rudisha, Biju.

Halafu nikalikumbuka tuta.
Lile la Al Hail, hatua kumi kabla ya mlango wa mama.
Kila Ijumaa nalivuka mshazari, kama kaa,
na mama pembeni, mkono mmoja gotini, mwingine kwenye sufuria,
anamsemesha Mungu, si mimi:
"Yarabi, watu wananunua gari la kukalia, wangu kanunua la kulalia."

Kumi na nane, basi.
Mpira uwe mnene ubavuni
kwa kidole kimoja cha Biju na goti moja la mama.

"Na rangi?"

Ya shaba.
Sikusema nimetubu.