Mti wa Kumi na Tano

Mvua ya Novemba hapa Mondoñedo hainyeshi, inakaa.
Imekaa juu ya vigae, juu ya kengele za kanisa,
imekaa kwenye makoti ya watu watatu
waliobisha saa nne na dakika kumi:
wana wawili, na baba katikati yao
kama barua inayovutwa pande mbili.

Hati ilikuwa tayari. Iria, karani wangu, aliichapa jana:
Mimi, Delmiro Castiñeira, miaka themanini na minane,
ninamuuzia mwanangu Amador shamba la juu,
kisima chake, njia yake ya ng'ombe,
na mitufaha kumi na minne.
Bei yake ungenunulia pikipiki kuukuu.

“Kitambulisho, tafadhali.”
Amador akacheka. “Notari, si unamjua mzee tangu unatambaa?”
Namjua. Kitambulisho.

Maana mwaka wa tisini na nane
niliijua sura ya Obdulia, nikaridhika na sura.
Aliyekaa kitini alikuwa Generosa, pacha wake.
Nyumba ikaenda kwa sahihi moja na tabasamu.
Jaji hakuniuliza kama nina moyo mwema.
Aliuliza: uliiona kadi?
Fidia nililipa miaka mitatu.
Obdulia akiniona njiani mpaka leo
huvuka upande wa pili, hata kama kuna tope.

Nikasoma.
Sheria inataka nisome kwa sauti, neno kwa neno,
na mimi husoma hata nukta.
Iria husema hakuna anayesikiliza,
wanasubiri tu mahali pa kutia kidole.
Mdogo alikuwa akitazama simu. Amador alikuwa akitazama kalamu.

“Kumi na mitano,” akasema mzee.
“Naam?”
“Mitufaha. Wamesahau ule wa nyuma ya kisima.
Huzaa kidogo, lakini huzaa.”

Akili, basi, ipo. Ipo kuliko ya waliomleta.
Lakini akili ni nusu ya ninachotakiwa kukiona.
Nikawaomba wana watoke ukumbini.
Nikafunga mlango. Nikaifunika kalamu.

“Don Delmiro, unataka kuuza?”
Akasugua kiganja kwa kiganja.
“Nataka wasigombane.”
“Hilo sikuuliza.”
Mvua ikakaa kidogo zaidi.
“Hapana,” akasema,
polepole, kama mtu anayeshuka ngazi bila taa.

Hapana ile ni yake. Mimi nimewekeshwa tu.
Haitoki mlangoni, haimfikii mke wake, wala padri,
wala Amador aliyenisimamia mezani akitokwa na mate:
tumeendesha kilomita ishirini!
ada tumelipa!
gonga muhuri wako tuondoke!

Si wangu. Ni wa dola; mimi nautunzia kabati na ufunguo.
Binamu yangu alipotaka kununua duka
nilimtuma Ribadeo kwa notari mwingine,
na Krismasi ile hatukula pamoja.

Nifanye nini? Kusema uongo siwezi.
Kusema kweli yote siruhusiwi.
Nikatafuta kweli ndogo inayotosha mlango mmoja.
“Hati ina kosa,” nikamwambia.
“Miti ni kumi na mitano.”
Mzee akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa akicheka.

Jioni nafunga shughuli za leo kwa uzi mwekundu:
wosia wa mjane, rehani ya mkate na tanuri,
mkataba wa ndoa wa watu wasioaminiana sana.
Kila karatasi ina namba yake. Miaka mia ikipita
mgeni mwenye glavu atafungua juzuu hili
akajua nani alimpa nani nini.
Mali bila daftari hupotea bila habari, ni kweli,
lakini ya saa nne na dakika kumi hataiona.
Kukataa hakuna ukurasa.

Iria anauliza kama tuiandikie ada yao risiti.
Warudishie, nasema, yote.

Na kofia ya mzee imebaki kitini, bado mbichi.
Usiwapigie wana simu.
Iache pale. Njia anaijua.