Sentimita Nane

Kampuni ilipofunga kambi, njia ya Kipushi,
walimlipa baba mishahara ya miezi saba kwa kitu kimoja:
karavani ya wapima miamba,
haina magurudumu, mlango unafungwa kwa waya.
Lori liliiburuta hadi uani kwetu, Katuba,
majirani wakaja kuhesabu madirisha.
Mama akasema: nyumba isiyo na jiko ni sanduku.
Akafugia humo bata.

Miaka kumi na moja. Bata wamekwisha, baba naye,
na mimi nimeazima tindo kwa Kunda, fundi wa majeneza,
aliyeniuliza mara tatu, mume wako yuko wapi?
Nikamjibu: kwani tindo yako inauliza hivyo?

Chini ya zulia, zulia. Chini yake ukungu mweusi
unaonuka kama kinywa cha aliyelala mchana.
Mbao zilivunjika mkononi kama mkate wa juzi.
Nilibandua, nikabandua,
hata zikabaki mbavu za bati
na vumbi jekundu la mji huu, ambalo halibishi hodi.

Mita yangu imekatika sentimita nane za mwanzo.
Kila ubao, naongeza nane.
Nilisahau mara moja tu,
ndiyo maana kitanda ni kifupi
na miguu yangu hulala nje, ikichungulia mlango.

Vitenge viwili nimeviuza, nikanunua tripleksi.
Makabati ni makreti ya bia, nimeyapiga msasa
hadi herufi zikafifia, si zote.
Mapazia yananing'inia kwenye waya wa shaba:
kwetu shaba haikosekani
ila mifukoni mwetu.

Siku ya tisa niling'oa ukuta wa kushoto.
Nyuma yake, kwa penseli, wapima miamba:
mita 212, hakuna kitu.
Mita 240, hakuna kitu.
Na chini, mwandiko wa mpishi wao, unaolala upande,
mkono niliojifunzia kuusoma kabla ya kitabu:
Chumvi imekwisha.
Chumvi imekwisha, nimeshasema.

Nilikaa juu ya kopo la rangi.
Umeme ukaenda. Ukarudi.

Nilitaka kuuacha ukuta ule wazi,
lakini Novemba haimngoji mtu,
na baridi ya bati inaingia mpaka kwenye meno.
Nikaupigilia tripleksi, misumari kumi na sita,
mmoja umepinda, nimeuacha ulivyo.
Pale pale nikatundika rafu, urefu wa kiganja,
juu yake kopo moja. Limejaa.

Jana mama aliingia na mwiko wake.
Hakusifu kitu. Alifungua kabati, akalifunga,
akalifungua tena kusikiliza bawaba,
akauliza unga uko wapi, maji yamechemka.
Tulikula bukari tukiwa tumegusana magoti.

Usiku mvua ya kwanza.
Inavuja pembe moja, juu ya jiko,
tone, kisha muda, kisha tone.
Nimeweka sufuria.
Kesho nitapanda na lami,
na safari hii nitapima mara mbili.